Kabati la Vitu Vilivyomezwa

Katika mji wa Philadelphia, nchini Marekani, yapo makumbusho ya uganga yaitwayo Mütter, na ndani yake liko kabati lenye droo nyembamba nyingi. Atazamaye ndani ya droo hizo hakuti dhahabu wala johari. Hukuta pini, misumari, vifungo vya nguo, sarafu, mifupa ya nyama na ya samaki, kokwa za matunda, funguo, meno ya bandia na vitu vya kuchezea watoto. Vyote vimepangwa kwa unadhifu na kuandikiwa habari zake. Hesabu yake ni vitu 2,374. Kimoja ni beji ndogo ya shule, ya kumtuza mwanafunzi ambaye hakukosa darasani hata siku moja. Kingine ni kidani kilichoandikwa maneno ya kumtakia bahati njema mwenye kukichukua. Ukivipeleka sokoni, huenda usipate mnunuzi hata mmoja. Lakini kila kimoja kilitolewa katika koo, au mapafu, au tumbo la mtu aliyekimeza au kukivuta kwa pumzi, mara nyingi bila kukusudia. Na nyuma ya kila kimoja upo usiku mmoja wa machozi nyumbani kwa mtu.

Vijana wengi hudhani kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mipaka ya nchi. Hiyo ni historia kweli, lakini iko historia nyingine iliyoandikwa kwa vitu vidogo. Kabati hili ni kitabu cha historia ya namna hiyo. Likisomwa vizuri, lafundisha jinsi wanadamu walivyoishi karne nyingi na hatari moja bila kuweza kuitazama. Jinsi walivyojifunza kuitazama na kuishinda. Na jinsi hatari hiyo inavyobadili vazi katika kila kizazi na kurudi tena nyumbani mwetu.

Yafaa kwanza tukumbuke umbo la koo. Nyuma ya ulimi wa mwanadamu njia mbili huanzia mahali pamoja. Ya mbele ni njia ya hewa, nayo huelekea mapafuni; ya nyuma ni umio, nao hupeleka chakula tumboni. Mlangoni mwa njia ya hewa kipo kifuniko chembamba, ambacho wengine hukiita kidakatonge. Tunapomeza, njia ya hewa hujifunga, na kifuniko hicho huinama juu yake kama bawabu aliye macho, ili tonge lipite nyuma. Tunapovuta pumzi, mlango hufunguka. Kazi hii hufanyika mara nyingi kila siku, nasi hatuna habari nayo. Lakini mtu anayecheka na chakula kinywani, mtoto anayekimbia na kitu mdomoni, au fundi cherehani anayeshika pini kwa meno, huweza kuvuta pumzi ghafula, na kitu kikaingia mahali pasipo pake.

Kikiingia njia ya hewa, huweza kuiziba na kuua kwa dakika chache. Au, kikiwa kidogo, huteremka katika tawi moja la pafu na kukaa humo miezi, hata miaka. Kikiingia umioni, mambo kwa kawaida huwa mepesi zaidi. Matabibu wa leo wasema kwamba katika kila vitu 100 vinavyofika tumboni, kadiri ya 80 hadi 90 hupita na kutoka vyenyewe bila kumdhuru mtu. Shida ni vile vilivyobaki. Chenye ncha hutoboa nyama, na uchafu huenea kifuani au tumboni. Kikubwa hukwama na kuufinya umio mpaka nyama yake ioze. Chenye sumu au ukali huunguza. Na hata kidonda kikipona, huacha kovu linaloubana umio, hata mgonjwa asiweze kumeza chakula, pengine hata maji.

Hatari hii ni kongwe kama kula kwenyewe, na waganga wa kale hawakukaa bure mbele yake. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu mashuhuri wa Andalusi aliyefariki yapata mwaka wa 1013, alieleza katika kitabu chake kikubwa cha uganga namna ya kuondoa mfupa au mwiba uliokwama kooni. Ulioonekana baada ya ulimi kukandamizwa ulitolewa kwa koleo ndogo. Kwa usioonekana, mgonjwa alimezeshwa kipande cha sifongo kilichofungwa uzi madhubuti, kisha kikavutwa juu kwa uzi huo, kwa matumaini kwamba kitauzoa mwiba njiani. Ilikuwa hila ya akili, lakini ilifanywa gizani. Mganga alivuta kitu asichokiona, kutoka mahali asipopajua. Giza hilo lilidumu karne nyingi baada yake.

Mtu mmoja aliyeonja uchungu wa giza hilo ni Isambard Kingdom Brunel, mhandisi mkuu wa Uingereza. Mnamo Machi 1843 ilifunguliwa mjini London njia ipitayo chini ya mto Thames, kazi ya baba yake ambayo yeye mwenyewe aliisimamia ujanani mwake. Siku chache baadaye, tarehe 3 Aprili, Brunel alikuwa akiwachezea watoto kiinimacho, akijifanya kuipitisha sarafu ya dhahabu kutoka sikioni hadi kinywani. Sarafu ikamponyoka. Haikwenda tumboni, iliteremka katika njia ya hewa na kutua upande wa kulia wa kifua.

Matabibu bora wa London waliitwa, na kiongozi wao alikuwa Sir Benjamin Brodie. Brunel mwenyewe, kwa akili yake ya uhandisi, alibuni ubao uwezao kupinduka. Akafungwa juu yake, akageuzwa kichwa chini na miguu juu, ili sarafu ianguke. Ilipofika karibu na mlango wa koo, kikohozi kikamkaba hata ikahofiwa atakufa. Ndipo Brodie alipompasua tundu katika njia ya hewa, akaingiza koleo na kuitafuta sarafu, asiipate. Tundu likaachwa wazi. Tarehe 13 Mei akapinduliwa tena, na safari hii, kwa kuwa aliweza kuvuta pumzi kwa lile tundu, sarafu ilidondoka kupitia kinywani bila kumkaba. Ilikuwa imekaa kifuani siku 40.

Tukio hilo lilizungumzwa sana Uingereza, na watu walifurahi kupona kwa mhandisi wao. Lakini tufikiri kidogo. Ikiwa mtu mwenye cheo na sifa, aliyezungukwa na matabibu mashuhuri wa mji mkubwa, aliponea chupuchupu, mtoto wa mchimba makaa au wa mfanyakazi wa shamba alikuwa na matumaini gani? Watoto wa namna hiyo walikohoa, wakakonda, wakazikwa, na mara nyingi hakuna aliyejua kwamba ndani ya kifua cha marehemu mlikuwa na kifungo cha shati.

Kilichohitajiwa kilikuwa mambo mawili: njia ya kufika pale, na mwanga wa kupaona. Njia ilionyeshwa kwa namna ya ajabu. Mwaka wa 1868, katika mji wa Freiburg nchini Ujerumani, tabibu Adolf Kussmaul alimtumia mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumeza panga mbele ya watazamaji. Kussmaul aliona kwamba, ikiwa upanga ulionyooka wapita kooni mwa mtu aliyejizoeza kulala kichwa nyuma, basi na bomba lililonyooka laweza kupita. Alimpitishia bomba la chuma la kadiri ya sentimita 47, nalo likapita. Mwanga ndio uliokosekana, kwani taa ya mafuta iliyokuwa nje ya bomba haikutosha kuangaza mbali. Mwaka wa 1895 Wilhelm Röntgen, Mjerumani pia, aligundua miali ya eksirei, na kwa mara ya kwanza sarafu au msumari uliweza kuonekana ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Kisha mwaka wa 1897, katika mji ule ule wa Freiburg, Gustav Killian alimtibu mkulima mmoja aliyevuta kipande cha mfupa wa nguruwe katika pafu lake la kulia. Alimpaka kooni dawa ya kuua maumivu, akapitisha bomba lililonyooka, akauona mfupa kwa macho yake, akautoa kwa koleo ndefu. Mlango uliokuwa umefungwa tangu kale ukafunguka.

Kufungua mlango ni kazi moja. Kuwafundisha watu kuupita kwa salama ni kazi nyingine. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyofanywa na mwenye kabati letu, Chevalier Jackson. Alizaliwa mwaka wa 1865 huko Pittsburgh, mji wa makaa na chuma. Utoto wake haukuwa mtamu. Alikuwa mdogo wa umbo na mpole wa tabia, na wenziwe shuleni walimwonea na kumtesa. Jamaa yake hawakuwa na mali, hivyo alipata karo ya masomo ya uganga kwa kuchora mapambo juu ya vyombo vya kioo na vya udongo. Mikono iliyojifunza subira katika kuchora maua madogo ndiyo iliyokuja kutoa pini katika vifua vya watoto wachanga. Alihitimu mwaka wa 1886, akasafiri hadi London kujifunza zaidi habari za koo, kisha akarudi kwao.

Yapata mwaka wa 1890 Jackson alitengeneza chombo chake cha kwanza cha kutazamia umio, akakitumia kumtolea mtu mzima meno ya bandia yaliyokwama, na mtoto mmoja sarafu aliyoimeza. Angeweza kujitangaza, lakini aliona jambo lililomtia hofu: waganga wengine waliokishika chombo hicho bila mazoezi waliwajeruhi wagonjwa. Basi alikirudisha kabatini mpaka ajue namna ya kukifanya salama na namna ya kuwafundisha watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 alitengeneza mabomba membamba yenye taa ndogo ya umeme katika ncha yake ya ndani, hata mwanga ukafika pale pale penye kazi. Aliwafundisha wanafunzi wake kwanza juu ya mwanasesere wa mpira, ambaye kooni mwake walitia vitu na kuvitoa mara nyingi, kabla ya kuruhusiwa kumgusa mtu.

Tuchukue mfano mmoja ili tuone ugumu wa kazi yenyewe. Mtoto amemeza pini ya kufungia nepi, nayo imefunguka, ncha yake ikielekea juu. Mtu mwenye haraka angeikamata na kuivuta. Na kadiri anavyovuta, ncha huchimba na kuupasua umio. Jackson aliona kwamba pengine njia ya kutoka ni kushuka kwanza. Aliishika pini mahali panapostahili, akaisukuma taratibu mpaka tumboni penye nafasi, akaigeuza humo, ndipo akaivuta juu ikitangulia kwa upande usio na ncha. Haraka haraka haina baraka, husema wahenga. Kwa Jackson methali hiyo ilikuwa kanuni ya kazi, na asiyeifuata alikuwa muuaji.

Jambo la pili alilolifanya ni kuandika. Hakumpa mgonjwa kitu kilichotolewa aende nacho kwao. Alikiweka, akaandika umri wa mgonjwa, mahali kilipokwama, muda kilichokaa na njia iliyotumika kukitoa. Wako waliomkasirikia kwa kuwanyima sarafu zao. Kwake sarafu ile haikuwa fedha tena; ilikuwa somo. Mwaka wa 1924 mkusanyiko wake ulitolewa kwa chuo cha matabibu wa Philadelphia, mji alikohamia mwaka wa 1916, na mwaka wa 1936, pamoja na mwanawe aliyekuwa tabibu pia, alitoa kitabu kinachoeleza habari za maelfu ya wagonjwa hao. Katika kuandika huko ndipo mafundisho mengi yalipoonekana, ambayo mgonjwa mmoja peke yake asingeweza kuyatoa.

Moja la mafundisho hayo latuhusu sana sisi watu wa Afrika Mashariki, ambao njugu karanga ni chakula chetu cha kila siku. Jackson aliona kwamba njugu ikiingia katika pafu la mtoto mdogo ni hatari kuliko msumari. Msumari hukaa kimya. Njugu huvimba kwa majimaji, na mafuta yake huwasha nyama ya pafu, ikaleta homa, kikohozi na usaha. Tena njugu haionekani katika picha ya eksirei kama msumari uonekanavyo. Kwa hiyo alionya kwamba watoto wadogo, ambao magego yao bado hayajaota ya kusaga, wasipewe njugu nzima. Pia alifundisha kwamba si kila anayekoroma kifuani ni mgonjwa wa pumu. Wako waliotibiwa pumu, nimonia au kifua kikuu kwa muda mrefu bila nafuu, na kumbe ugonjwa wao ulikuwa kipande cha mfupa ambacho hakuna aliyewauliza habari zake.

Lakini tukio lililougusa moyo wa Jackson kuliko yote halikuhusu pini wala njugu. Katika zama zake, nyumba nyingi za Marekani zilitumia kostiki soda, kemikali kali inayotumika kutengeneza sabuni na kuzibua mifereji. Iliuzwa madukani kama sukari iuzwavyo, na juu ya kopo hapakuandikwa onyo lolote la maana. Watoto waliiona nyeupe, wakaidhani sukari au maziwa, wakaionja. Haikuua daima, mara nyingi iliunguza umio, na kovu likaubana mpaka ukaziba. Jackson alisimulia habari za msichana wa miaka saba, mtoto wa watu maskini, aliyeletwa akiwa hawezi kumeza hata tone la maji. Jackson alipitisha bomba lake, akaona umio umebanwa sana na kovu, na tundu dogo lililosalia limezibwa na mabaki ya chakula. Akayaondoa. Mtoto akapewa gilasi ya maji. Akanywa funda dogo kwa hofu, akitazamia maji yamrudie kama siku zote. Hayakurudi. Akanywa la pili, kisha la tatu. Ndipo aliposogeza gilasi kando, akaushika mkono wa tabibu, akaubusu.

Jackson aliwatibu watoto wengi wa namna hiyo, na maskini wengi hakuwatoza kitu. Lakini alitambua kwamba anachota maji kwa kijiko huku bomba limepasuka. Kwa kila mtoto mmoja aliyemzibua umio, duka liliuza makopo mengine. Hivyo tabibu huyu mpole, asiyependa mikutano wala kelele, akaingia katika kazi asiyoizoea: kuwaomba matabibu wenziwe, kuwaandikia wakubwa wa serikali na kwenda mbele ya wabunge kudai sheria. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Mwaka wa 1927 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowalazimisha wenye viwanda kuandika juu ya kostiki soda na kemikali nyingine kali kwamba ni sumu, na kueleza nini kifanywe mtu akiimeza. Huenda sheria hiyo iliokoa makoo mengi kuliko mikono yake yote miwili. Nayo haikuhitaji chombo chochote isipokuwa karatasi na ukweli ulioandikwa juu yake.

Jackson alifariki mwaka wa 1958, akiwa na miaka 92. Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Basil Hirschowitz, tabibu aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya kazi Marekani, alikuwa ameonyesha bomba jipya la kutazamia tumbo, linaloweza kupinda kama nyoka, lenye nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga hata katika kona. Kabla ya kumjaribia mgonjwa alilimeza yeye mwenyewe. Katika miaka ya 1960 Shigeto Ikeda wa Japani alitengeneza bomba la namna hiyo kwa ajili ya mapafu. Leo vyombo hivyo vimo katika hospitali kubwa za nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Na kazi ambayo kwa Brunel ilichukua siku 40, mara nyingi humalizika kabla chai haijapoa.

Je, hatari imekwisha? La, imebadili vazi. Katika nyumba zetu za leo, mijini na vijijini, zimejaa betri ndogo za mviringo zinazong'aa kama vifungo vya fedha. Zimo katika saa, katika rimoti, katika vitu vya kuchezea, katika kadi zinazoimba na katika taa ndogo za mkononi. Mtoto akiimeza kubwa yake, yenye upana wa milimita 20 hivi, huweza kukwama umioni. Hapo nyama yenye majimaji hugusana na pande zake zote mbili, umeme ukapita, na katika upande wa hasi huzalika kemikali ya ukoo ule ule wa kostiki soda. Tazama, msomaji, jinsi historia inavyorudi: sumu ile ambayo Jackson aliiandikia onyo juu ya kopo, leo hutengenezwa ndani ya koo lenyewe. Betri haihitaji kuvuja wala kupasuka. Hata iliyokwisha nguvu ya kuendesha rimoti huweza kubaki na nguvu ya kuunguza. Saa mbili zatosha kuanza kuuharibu umio vibaya, na pengine madhara huendelea siku nyingi baada ya betri kutolewa, yakafika hata kwenye mshipa mkubwa wa damu ulio jirani. Katika picha ya eksirei inaweza kudhaniwa ni sarafu. Tabibu makini huitambua kwa duara mbili zinazoonekana ukingoni mwake. Vivyo hivyo sumaku ndogo zenye nguvu: moja peke yake yaweza kupita, bali mbili huvutana kutoka matumbo mawili tofauti, zikayafinya mpaka yakatoboka.

Na watu wamejibu kwa njia zile zile mbili, utafiti na sheria. Mwaka wa 2018 matabibu wa Marekani, baadhi yao wa mji huo huo wa Philadelphia, walionyesha kwamba asali hupunguza ukali wa kemikali hiyo wakati mgonjwa yuko njiani kwenda hospitali. Asali hiyo hapewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, wala mtoto asiyeweza kumeza. Wala haifai kuwa sababu ya kuchelewa hata dakika moja, kwani betri haitolewi na asali, hutolewa na tabibu. Mwaka wa 2022 Marekani ilipitisha sheria inayodai kwamba vitu vyenye betri hizo viwe na kifuniko kisichofunguliwa na mtoto kwa urahisi, na viandikwe onyo. Ni safari ile ile ya mwaka wa 1927, imeanza upya.

Liko fundisho la mwisho, nalo halimo katika sheria wala katika chombo. Katika habari zote hizi, kinachoua mara nyingi si kitu kilichomezwa, bali muda uliopotea. Na muda hupotezwa zaidi na hofu. Mtoto aliyemeza sarafu aliyotumwa nayo dukani huogopa kuchapwa, akanyamaza. Yaya aliyempa mtoto betri aichezee huogopa kufukuzwa kazi, akanyamaza. Kijana aliyemeza kifuniko cha kalamu huona haya mbele ya wenziwe, akanyamaza. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua. Kwa hiyo nyumba ambayo mtoto aweza kusema, "Mama, nimemeza kitu," bila kuogopa kiboko, ni nyumba iliyo salama kuliko nyumba yenye makufuli kumi.

Wala tusidhani kwamba kila desturi ni dawa. Wengi wetu tulipokwamwa na mwiba wa samaki tuliambiwa tumeze tonge kubwa la ugali ili liusukume. Pengine mwiba huenda, na pengine tonge huuzamisha zaidi katika nyama. Wala asitapishwe mtu aliyemeza kitu chenye ncha, betri au kemikali kali, kwani kilichochoma kikishuka huchoma tena kikipanda. Anayeweza kupumua na kusema apelekwe kwa tabibu upesi, na ikiwezekana kipelekwe pia kitu cha mfano wa kile kilichomezwa. Anayekabwa kabisa, asiyeweza kukohoa wala kutoa sauti, hana muda wa kungoja: mtu mzima au mtoto aliyepita mwaka mmoja huinamishwa, akapigwa kwa kiganja mara tano katikati ya mabega, isipofaa, humkumbatia mtu kwa nyuma na kumkandamiza tumbo, juu ya kitovu, kwa nguvu ya ghafula kuelekea ndani na juu, mara tano, kisha mapigo yakaanza tena. Ni vizuri kila kijana ajifunze jambo hilo kwa mwalimu wa huduma ya kwanza kabla halijamfika.

Ndiyo hayo yaliyomo katika kabati la Philadelphia. Vitu vyake havina thamani, lakini kila kimoja kimewekwa mahali pake na mtu aliyekataa kuona kitu kidogo kuwa kidogo. Jackson hakuwa na nguvu za mwili, wala sauti kubwa, wala mali. Alikuwa na macho yanayotazama, mikono yenye subira, na kalamu isiyochoka kuandika alichokiona. Kwa vitu hivyo vitatu alimrudishia mtoto maskini gilasi ya maji. Aliye na vitatu hivyo, hata kama bado yuko darasani, asijidharau. Na akiona betri imeanguka sakafuni nyumbani kwao, asiipite. Aiokote.